Kidonda Kisichouma cha Winga wa Mbuba

Ukiteremka Rusumo kuelekea darajani, mpakani na Rwanda, kabla hujafika pale malori yanapojipanga kusubiri forodha, kuna benchi la mkaratusi mbele ya kibanda cha Speciosa, mama muuza kahawa. Benchi hilo limeng'arishwa na makalio ya wazee watatu ambao kila asubuhi, umande ukishakauka, huja kunywa kahawa na kubishana. Wa kwanza ni Telesfori. Zamani alikuwa winga wa kushoto wa timu ya kwao Mbuba, na hadi leo, na miaka yake sitini na sita, watu humwita Winga. Wa pili ni Habonimana, aliyevuka mpaka kwa miguu kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa mtoto; kwa kuwa kila hadithi yake huipima kwa umbali, jina lake ni Kilomita. Wa tatu ni Pancras, mtu wa Biharamulo, karani mstaafu wa kampuni ya kutoa mizigo forodhani. Huyo ana methali kwa kila jambo na jibu hata kwa swali ambalo halijaulizwa. Ndiye Profesa.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, Winga alifika amechelewa. Mguu wa kulia alikuwa amevaa kiatu, wa kushoto kandambili.

— Winga, leo unachezea timu mbili? aliuliza Kilomita.

— Kiatu kimegoma. Mguu umevimba kidogo tu.

Telesfori aliketi, akaurudisha ule mguu chini ya benchi kama mtu anayeficha chupa. Lakini Speciosa alikuwa ameinama kumwekea kikombe, na jicho la Speciosa halipitwi na kitu.

— Mzee Telesfori, hicho kitambaa ulichofunga kimelowa.

— Ni umande.

— Umande wa saa nne?

Basi ikabidi aseme. Chini ya unyayo, pale kidole gumba kinapoanzia, kulikuwa na tundu la ukubwa wa kizibo cha soda. Lilikuwepo tangu Pasaka. Alilijua siku alipoona damu sakafuni, akawafokea wajukuu kuwa nani amechinja kuku ndani, kumbe damu inamfuata yeye mwenyewe kila anakokwenda. Angekuwepo marehemu mkewe angeliona mapema, maana alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kuanzia chini kwenda juu.

— Pole, ndugu yangu, alisema Kilomita. Na kinaumaje?

— Hakiumi. Ndiyo maana nawaambia si kitu.

Profesa alikunywa funda moja, akajifuta mdomo.

— Mimi najua chanzo. Ni kandambili. Sisi tulikua na katambuga za matairi ya lori. Ukivaa katambuga, unyayo unajua kuna dunia. Hizi plastiki zinapika mguu taratibu kama ndizi kwenye majani.

— Mimi hata katambuga sikuwa nayo, alisema Kilomita. Kutoka kwetu Muyinga mpaka tulipopokelewa Ngara, ni siku nne, miguu mitupu. Nilikuwa na miaka minane. Mama alibeba mdogo wangu, mimi nilibeba sufuria. Tulipofika, vidole vyangu vimejaa funza. Mama aliniketisha kwenye majani, akachukua pini ya nguo yake, akawa anawatoa mmoja mmoja huku ananiimbia nisilie. Mpaka leo nikisikia baridi ya asubuhi, nausikia mkono wake kwenye vidole hivi.

Lori lilipita likishusha gia, benchi likatetemeka.

Telesfori naye aliuona mguu wake wa zamani. Mwaka themanini na mbili walikwenda kucheza Biharamulo. Gari la kuwachukua halikuja, wakaamua kutembea, siku mbili, mpira ndani ya gunia, wakilala kwa watu wasiowajua. Waliwakuta wenyeji wamekwishakata tamaa ya kuwaona.

— Dakika ya themanini na tano, alisema, macho yakiwa mlimani, nikaletewa mpira huku pembeni. Beki wao alikuwa jitu. Nikamdanganya naingia ndani, nikatoka nje, nikapiga na huu wa kushoto. Kipa hakugeuka hata kutazama. Tulirudi Mbuba tunaimba. Akina mama walitupokea na rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kaka yangu Ndizeye akanibeba mabegani kuanzia shuleni mpaka nyumbani. Alisema winga wa namna hii haruhusiwi kukanyaga vumbi.

— Ndiyo maana nasema, alidakia Profesa, mguu uliozoea kazi ukiustaafisha unalalamika. Tena nyinyi hamjui siri. Tangu lami ije, joto la ardhi halina pa kutokea, linatokea kwenye nyayo za watu.

— Lami? alicheka Speciosa.

— Lami ni ndogo. Iko hii mitambo ya umeme hapo kwenye maporomoko. Inavuta maji, sivyo? Damu nayo ni maji. Mtu akikaa hapa Rusumo kila siku, damu yake inavutwa chini kuelekea mtoni. Inafika kwenye unyayo, inatafuta mlango. Ndiyo tundu hilo! Wala lisizibwe. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi.

— Profesa, pakacha halina mishipa, alisema Speciosa. Mzee, nenda hospitali.

Uso wa Telesfori ulibadilika.

— Ndizeye alikwenda hospitali. Alikwenda na miguu miwili, akarudi na mmoja. Aliishi mwaka na nusu, akafa amekaa kwenye kiti. Yule aliyenibeba mabegani! Mimi sipeleki mguu wangu kwa watu wenye msumeno.

— Haraka haraka haina baraka, aliunga mkono Profesa. Mwaka jana mimi niliteguka kifundo, kikavimba kama embe, sikwenda popote. Kilichuliwa kwa maji moto na chumvi. Kimepona.

— Kimepona na bado unapanda ngazi kiubavuubavu, alisema Kilomita.

— Kujikwaa si kuanguka!

Wakati wakicheka, mama mmoja alikuwa ameshaketi ukingoni mwa benchi, beseni la maparachichi miguuni pake. Aliwaamkia wote shikamoo, wakaitikia marahaba. Alijitambulisha kuwa anaitwa Claudia, anatoka Nyakisasa, anasubiri gari. Aliomba kahawa, akasikiliza, akautazama mguu wa Telesfori bila kuficha.

— Baba, samahani. Hilo tundu limeingia ndani ya nyama?

— Limeingia.

— Na unalikanyagia?

— Nimetoka nalo nyumbani hadi hapa.

— Mimi nikikanyaga kokoto moja naruka, alisema Claudia. Mwiba mdogo tu silali. Sasa hilo lako, kwa nini haliumi?

Telesfori alimtazama Kilomita, Kilomita akatazama kikombe chake. Wote wawili wakamgeukia Profesa, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lipigwe misumari, Profesa hakuwa na methali.

Gari la Claudia lilikuja. Alipandisha beseni lake, akawaaga, akaenda zake. Swali alilibakisha. Telesfori aliondoka na swali lile, akala nalo, na kila alipokanyaga sakafu alisikiliza kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyoitikia. Miezi miwili alijifariji kwamba hakiumi. Sasa neno lilelile lilimtia hofu. Kulipokucha alimwita Kilomita, wakapakizana bodaboda hadi kituo cha afya.

Kwenye foleni, kati ya akina mama na watoto wenye kikohozi, alimkumbuka Ndizeye tena, lakini safari hii alimkumbuka kwa mpangilio. Kidonda cha Ndizeye kilianza wakati wa Kwaresima. Walikisafisha kwa majani. Kikavunda wakati wa kuvuna maharage. Wakaita mtu wa kuombea. Kidole kikageuka cheusi, wakasema ni damu mbaya inatoka. Hospitali walimfikisha mkesha wa Noeli, kwenye machela, akiweweseka kwa homa. Miaka yote hii Telesfori aliuhesabu msumeno. Ile miezi tisa hakuwahi kuihesabu.

— Kilomita, alinong'ona. Ndizeye tulimchelewesha sisi.

Habonimana aliuweka mkono wake juu ya goti la rafiki yake, akauacha hapo mpaka jina lilipoitwa.

Tabibu aliyewapokea alikuwa mwanamke kijana aitwaye Avelina. Aliwaamkia, akafungua kitambaa bila kukunja pua, ingawa harufu ilimfanya hata Kilomita asogee dirishani. Alimtoboa Telesfori kidole cha mkono, akapima sukari. Ilikuwa juu sana. Kisha akatoa kijiti chenye uzi mgumu wa plastiki, mfano wa uzi wa nyavu.

— Babu, fumba macho. Nitakugusa kwa huu uzi kwenye nyayo. Kila ukisikia nimekugusa, sema ndiyo.

Telesfori alifumba macho. Alisubiri. Nje mtoto alilia, akanyamazishwa. Mlango uligongwa mahali fulani. Aliendelea kusubiri kwa utulivu, kama mwanafunzi mwema.

— Anza basi, mjukuu wangu.

— Nimemaliza, babu. Nimekugusa mara kumi.

Telesfori alifumbua macho akautazama mguu wake wa kushoto, ule uliomdanganya beki wa Biharamulo. Ulikuwa umelala pale kitandani kama mguu wa mtu mwingine. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

— Ni sukari, alisema Avelina taratibu. Ikikaa mwilini muda mrefu bila kujulikana, inaua hisia za miguu. Mguu unaumia na hausemi. Ndiyo maana kidonda kisichouma tunakiogopa kuliko kinachouma.

Aliingiza kibano kwenye tundu, akachokoa, akatoa kitu kidogo cheusi. Ulikuwa msumari wa kiatu, umekatika, mrefu kama punje ya mchele. Winga alikuwa ametembea nao tangu Pasaka.

— Mtaukata? aliuliza kwa sauti ndogo.

— Sikufichi. Kidole hiki siwezi kukuahidi. Mguu, kwa kuwa umekuja mwenyewe ukitembea, tutaupigania. Ungesubiri mavuno yaishe, nisingesema hivyo.

Siku hiyohiyo aliandikiwa rufaa, akalazwa wiki tatu katika hospitali kubwa. Kidole gumba kiliondolewa, kwa kuwa mfupa wake ulikuwa umeoza. Mguu ulibaki. Sukari ilishushwa kwa dawa, na wajukuu wakajifunza kupika bila kumwekea babu sukari kwenye uji. Kilomita alikwenda kumwona kila Jumapili, na kila mara alitaja umbali wa safari.

Mwezi wa tisa Winga alirudi benchini, mkononi fimbo, mguuni kiatu kipana cha ngozi. Speciosa alimmiminia kahawa isiyo na sukari kabla hajaomba. Kilomita alitaka asimuliwe upya yote aliyoyashuhudia mwenyewe, na Telesfori akasimulia.

— Yule binti wa kituo cha afya alinifundisha, alisema. Mwenye sukari, kidonda cha mguu hata kama ni kidogo kama dengu, siku hiyohiyo akionyeshe. Asiye na sukari, kikipita wiki mbili hakifungi, aende. Mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto, aende. Kidole kikibadilika rangi, aende. Kila siku utazame nyayo, na usivae kiatu hujakikung'uta.

— Na kifundo je? aliuliza Profesa.

— Ukiteguka ukashindwa kukanyaga hatua nne, huenda mfupa umevunjika, usichue. Na kama kimepita miezi bado kinavimba, kikaonwe.

Profesa alitikisa kichwa. Alizungusha kikombe chake.

— Unajua, Winga, mimi nilitembea kutoka Biharamulo mpaka hapa nikiwa kijana natafuta kazi. Nilifika na suruali moja na barua ya padri. Karani mkuu alinitazama miguu, akasema, huyu ana njaa ya kazi. Akaniajiri kwa sababu ya vumbi lililokuwa miguuni. Hii miguu ndiyo imenisomeshea watoto.

— Ni kweli.

— Siku hizi, aliendelea, sauti ikishuka, usiku inaniwaka kama niko kwenye majivu. Mchana sisikii kitu, ni kama nimevaa soksi hata nikiwa sijavaa. Nilidhani ni uzee. Nami kuinama siwezi, tumbo linanizuia. Sijauona unyayo wangu tangu nistaafu.

Speciosa alitikisa birika, akasema kahawa imekwisha. Telesfori aliegemeza fimbo ukutani, akapapasa mfukoni akatoa miwani, akaivaa. Kisha akapiga goti lake mara mbili kwa kiganja.

— Lete huo mguu hapa.

— Hapa barabarani? Watu wanapita, Winga.

— Waache wapite.

Pancras alivua kiatu. Kilomita alimsaidia kuunyanyua mguu, wakauweka polepole juu ya mapaja ya Telesfori, mzito, wenye joto la safari zote zile. Dereva wa lori alipunguza mwendo kuwashangaa wazee watatu walioinamiana.

— Toa na soksi, Profesa.