Mzee Inatosha na Msumeno Wake wa Kati

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi kamili jioni, mkata kuni wa chuo chetu atakabidhi funguo za kibanda cha kuni baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili, miezi minne na siku kadhaa ambazo mwenyewe amekataa kuzihesabu. Wageni watasikia akiitwa kwa jina lake refu la kwenye vyeti. Sisi wa hapa tunamjua kama Mzee Inatosha. Nimeomba mwenyewe kuandika wasifu huu, mimi mtunza stoo, kwa sababu ndani ya jalada lake kulikuwa na barua ya onyo ya miaka kumi na minne iliyopita, iliyosema kwamba alikishauri chuo kununua msumeno usiofaa kwa kazi. Barua hiyo haikuwa ya kweli, na sikutaka astaafu nayo.

Katibu muhtasi amenipa ukurasa mmoja na nusu na orodha ya mambo ya kutaja: elimu, vyeo, mafanikio. Kwenye vyeo nimeandika neno moja tu, kwa kuwa kimekuwa kimoja tangu aajiriwe hadi leo. Nitaeleza sababu yake.

Alianza na shoka. Wakati huo jiko la chuo lilikuwa na mafiga makubwa matatu, wanafunzi mia tatu na ushee, na mpishi mkuu mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Uji ulitakiwa uwe mezani kabla ya saa moja asubuhi, na usipoiva hakuna mwalimu aliyepata utulivu darasani. Yeye alipasua, akapanga, akaanika, miaka kumi na miwili. Kisha chuo kikanunua msumeno mdogo wa injini wa bei ya kutupa, wa kukatia matawi ya ua. Ulikata kuni za miezi mitano, ukakata roho. Mzee akarudi kwenye shoka bila kinyongo, ila alikuwa ameonja.

Miaka mitano baadaye kamati ya ununuzi ilimwita dukani achague. Juu ya kaunta palikuwa na misumeno mitatu: mdogo kama ule wa kwanza, mkubwa wa wapasua mbao wa msituni, na wa kati. Muuza duka aliusifu mkubwa mpaka akatokwa jasho. Mzee aliuinua, akaushika mikono miwili mbele ya kifua, akasimama nao hivyo hivyo huku watu wakimsubiri. Alipouweka chini alisema kwamba magogo yetu ni ya mkaratusi, mengi hayazidi unene wa ndoo, na mtu anayekata kuni haangushi msitu. Anakata gogo lile lile mara ishirini kwa siku, siku sita kwa juma. Mkono ukichoka ndipo ajali huja. Akagonga ule wa kati kwa kidole, akasema, "Huu unatosha." Jina lake lilizaliwa hapo kauntani.

Msumeno ule aliuita Mtoto wa Pili. Alikuwa akisema kwamba kifungua mimba hujivuna, kitinda mimba hulialia, na wa katikati ndiye anayetumwa maji na akaenda. Hakuukatia chini hata siku moja, maana mchanga ni adui wa meno. Aliunda kitanda cha mbao cha kulazia magogo, na kila alipojaza petroli mara mbili alikaa kwenye kigoda chake na tupa, akanoa jino moja moja kwa idadi ile ile ya misuguo. Tulimtania kwamba anaupaka wanja. Alikuwa akiokota machicha ya msumeno na kutuonyesha kiganjani: yakitoka manono kama maganda ya mpunga, meno ni makali, yakitoka unga, acha kazi ukanoe. Watu wengi wanaolalamika kwamba msumeno wa kati hauna nguvu, alisema, wana tatizo la tupa.

Malalamiko yalifika hata kwetu. Baadhi ya wanakamati waliona kifaa cha bei ya kati ni kujidhalilisha, chuo kizima kama chetu. Ikaamuliwa ufanyike mtihani mbele ya kamati, uani nyuma ya jiko, na matokeo yake yaamue mambo mawili: kama msumeno ubaki, na kama Mzee apewe usimamizi wa karakana, nafasi iliyokuwa wazi na ambayo kila mtu alijua ni yake.

Asubuhi ya mtihani mke wake alizidiwa na tumbo. Akapelekwa hospitali, madaktari wakasema apasuliwe siku ile ile. Mzee alipita stoo mbio, akaniachia msumeno na kikaratasi kilichosema, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa, kwamba kila kitu kiko tayari na nisiguse.

Nikagusa. Nilikuwa na miezi mitano na nusu kazini, bado majaribio, na nilitaka sana kuonekana. Niliona mnyororo wa meno uliokuwapo umechakaa rangi, na mimi nilikuwa na mpya kwenye boksi, unang'aa. Nikafungua nati mbili, nikavua kifuniko, nikavalisha mnyororo mpya, nikakaza. Ulizunguka vizuri. Nikaupangusa msumeno kwa kitambaa, nikampelekea fundi bomba, ambaye ndiye aliyeombwa akate kwa niaba ya Mzee na ambaye, kama wanakamati wote wanne, hakuwahi kushika kifaa cha aina hiyo.

Waliokuwapo wanakumbuka. Msumeno ulinguruma, moshi ukafuka, gogo likapata mstari mweusi kama limechomwa na pasi, na hakikukatika kitu. Fundi bomba akaegemea kwa uzito wake wote, na yeye si mtu mwembamba. Unga mweusi kidogo ukadondoka. Mwenyekiti, mwalimu wa hesabu, akaandika kwenye daftari lake kwamba nguvu haitoshi. Mpishi mkuu alisema pale pale kwamba msumeno huo huo ulikata kuni za uji wa jana, lakini nani amsikilize mpishi kamati ikishakaa?

Mzee alirudi kesho yake mchana, macho mekundu, mkewe akiwa amepasuliwa salama. Aliusikiliza mkasa wote akiwa amesimama mlangoni pa stoo. Kisha akaweka msumeno juu ya meza yangu, akavua kifuniko, akatazama, akanitazama. Nilikuwa nimeuvalisha mnyororo kinyume. Meno yote yalikuwa yanatazama nyuma.

Nilianza kulia kabla hajasema neno. Aliniuliza nimebakiza siku ngapi za majaribio. Nikamwambia kumi na sita. Alijua nina mtoto mchanga na kwamba nyumbani nilikuwa mtafutaji peke yangu. Akaugeuza mnyororo taratibu, akanionyesha kwa kidole ule ulimi wa chuma ambao mnyororo huuzunguka. "Juu ya bapa, meno yanatazama mbele. Likariri hilo, binti yangu. Mengine niachie." Akaenda uani akalikata lile gogo lenye mstari mweusi, vipande vinne, akavipeleka jikoni. Kamati ilikuwa imekwisha kuamua.

Barua ya onyo ilimfikia Jumatatu. Aliisaini. Usimamizi wa karakana ukaenda kwa mtu mwingine, mtu mwema, ambaye leo ni marehemu na sina neno juu yake. Mimi nikathibitishwa kazini. Nilijiambia nitasema nikishathibitishwa; nilipothibitishwa nikajiambia nitasema mtoto akianza shule. Mtoto huyo sasa ananizidi kimo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa na urefu wa miaka kumi na minne, na kila siku nimepita na mzee huyu akinisalimia kwa furaha na kuniuliza habari za mwanangu.

Kuhusu msumeno, wasomaji wanaotaka kununua wa kwao wanaruhusiwa kunakili. Ule mkubwa ulinunuliwa kwa mbwembwe. Fundi bomba aliutumia juma moja, akalala siku mbili na mgongo. Petroli ulikunywa kama mgeni asiyeona aibu. Mwezi wa pili ukapanda rafuni kwangu, na Mtoto wa Pili akaendelea na kazi, na ndiye aliyekata kila kuni iliyopika katika chuo hiki tangu hapo mpaka leo asubuhi. Amebadilishiwa minyororo, mabapa mawili na plagi. Moyo wake ni ule ule wa siku ya kwanza.

Lakini haki isemwe pande zote. Mwaka ule wa dhoruba, mti mkubwa ulipoanguka juu ya kamba za kuanikia nguo, shina lake lilikuwa pana kuliko bapa la msumeno wa kati. Tulikusanyika kumwona Mzee akishindwa, maana binadamu ndivyo tulivyo. Alilizunguka shina mara moja, akaja stoo, akaomba mkubwa. Mtu mmoja akamchokoza kwamba leo hautoshi. Akajibu, "Nilisema unatosha kuni. Sikusema unatosha dunia." Akafanya kazi ya siku mbili na ule mkubwa, akaupangusa, akaurudisha rafuni. Sijui watu wengi wanaoweza kuwa sahihi miaka yote hiyo na bado wakajua mahali usahihi wao unapokoma.

Ningeweza kunyamaza mpaka mwisho. Nakiri hivyo. Kilichonifungua mdomo ni ziara ya mkewe, mwezi uliopita. Kanuni inataka mstaafu arudishe sare, naye Mama alizileta mwenyewe, ovaroli mbili zimefuliwa na kupigwa pasi mpaka kwenye mifuko. Nilipokuwa naandika stakabadhi alishika kola ya moja, akaitazama, akasema kama anayeongea na nguo, "Angestaafu msimamizi huyu. Mimi ndiye niliyemponza, mwanangu. Siku ya mtihani wake ndiyo tumbo langu lilichagua kuumwa." Nikajikaza, nikamuuliza kama aliwahi kumwambia mumewe hivyo. Akasema hapana, angemwongezea uchungu bure.

Alipoondoka nilifunga stoo, nikamfuata Mzee kibandani. Alikuwa kwenye kigoda chake, ananoa. Nilimwambia maneno ya mkewe kama yalivyo. Tupa ilisimama. Nimemwona mzee huyu akiumwa, akifiwa na kaka yake, akipewa barua ya onyo. Sikuwahi kumwona uso ule. "Hakuniambia," alisema. "Miaka yote hiyo hakuniambia." Yeye alidhani siri yake haimgharimu mtu mwingine isipokuwa yeye mwenyewe, na mimi nilitaka kudhani hivyo hivyo.

Nikamwomba aende nyumbani akamweleze. Akatikisa kichwa. Alisema yeye akimwambia, mkewe atafikiri anamfariji tu, maana ndiyo kawaida yake. "Andika wewe," akasema. "Uandike mahali pa kusomwa na watu." Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita tena, niandike pia kwamba msumeno ulifaa. Nimeandika.

Kesho yake nilipeleka maelezo yangu kwa mkuu wa chuo, kurasa mbili, na kile kikaratasi cha herufi kubwa ambacho sikuwahi kuwa na ujasiri wa kukitupa. Mkuu alisoma mara mbili. Barua ya onyo imeondolewa kwenye jalada la Mzee Jumatano iliyopita, mbele ya mashahidi. Na mimi nimepata barua yangu, nimeisaini, ni haki yangu. Cheo hakiwezi kurudi. Maji yakimwagika hayazoleki, na hakuna sherehe wala zawadi ya saa ya ukutani itakayomlipa miaka aliyokosa. Mkuu mwenyewe ameomba hayo yachapwe hivi hivi.

Nimebakiwa na nafasi ndogo, na sehemu yake si ya Mzee.

Mama, utakuwa umeketi safu ya mbele na karatasi hii mkononi. Tumbo lako halikumponza mtu. Msumeno ulikuwa tayari, ulikuwa mzima, na hata mumeo akiwa mbali ungekata vizuri kabisa kama ningetii kikaratasi. Ni mikono yangu iliyovalisha mnyororo kinyume, na ni mdomo wangu uliofungwa. Mumeo siku ile alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, ndipo mahali pake palipokuwa, na alijua hivyo. Hajawahi kujuta hata dakika moja, nimemuuliza. Hakukueleza kwa sababu angekueleza angelazimika kunitaja, na mimi nilikuwa na mtoto mchanga. Nilikula mkate wa nyumba yenu nikaacha wewe ubebe lawama. Nisamehe.

Mzee wetu, asante kwa uji wa kila asubuhi, kwa vidole vyetu vyote ulivyotufundisha kuvitunza, na kwa kazi niliyo nayo leo. Wafanyakazi wa chuo hiki tunawaombea wewe na Mama afya, usingizi mzuri, na uzee mrefu wa kukaa pamoja katika nyumba ambayo ndani yake hakuna tena anayejilaumu.