Ufunguo wa Ngome ya Lerchenfels: Maisha ya Salome Schehl

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kutoka pande zote mbili za mpaka, mchungaji ametupa dakika kumi, na marehemu, aliyezijua vizuri tabia za ukoo wake, alishaandika juu ya bahasha kwamba historia hii, aliyoiandika mwenyewe nasi tukaongeza siku zake za mwisho, isomwe na mdogo wake, Emil Wendling, isomwe yote, na asiruke pale anapopenda kuruka.

Salome alizaliwa tarehe 22 Februari 1938, hapa Eschenthal, upande wa Ufaransa, katika nyumba ya mwisho ya barabara ya juu, ile ambayo ukifungua dirisha la jikoni unatazamana na mwamba wa Lerchenfels na magofu ya ngome juu yake, akiwa mtoto wa pili wa mzee Georg Wendling, mkata miti wa msitu wa serikali, na mkewe Lina, akimfuata kaka yake Karl aliyezaliwa mwaka 1926. Tarehe 1 Septemba 1939, vita vikiwa mlangoni, kijiji kizima kiliamriwa kuhama, ng'ombe wakafunguliwa wajitafutie, naye akapelekwa mgongoni mwa mama yake hadi Limousin, mbali katikati ya Ufaransa, ambako wenyeji waliwashangaa Wafaransa hawa wasiojua Kifaransa, na familia iliporudi Oktoba 1940 ilikuta bendera ya Ujerumani imepandishwa na barabara zimepewa majina mengine. Karl alichukuliwa kwa nguvu mwaka 1944 akavalishwa sare ya jeshi la Ujerumani, akapelekwa mashariki, hakurudi, na hadi leo hatujui kaburi lake.

Machi 1945 makombora yalipoanza kuangukia mapaa ya kijiji, familia nane zilipanda kujificha katika chumba kilichochongwa ndani ya mwamba, chini ya mnara wa Lerchenfels, zikakaa humo siku kumi na moja, na humo, tarehe 13 Machi, Lina akajifungua mtoto wa kiume, na tarehe 15 akafariki dunia, na Salome, akiwa na miaka saba tu, akapakatishwa mtoto yule akiwa amefungwa ndani ya koti la baba, akaambiwa asimwachie, naye hakumwachia mpaka walipofika chini. Mtoto huyo ndiye anayewasomea, na hapo ndipo mahali alipopenda kuruka.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1945 hadi 1952, chini ya mwalimu mgeni ambaye hakutaka kusikia neno hata moja la lugha yetu ya nyumbani, Kijerumani cha kijijini, na kwa kuwa Salome hakuweza kuufunga mdomo wake, aliandika mara hamsini, Jumatatu baada ya Jumatatu, kwamba atasema Kifaransa, akatoka shuleni akiwa na Kifaransa cha kuandikia na Kijerumani cha kusemea tu, jambo ambalo baadaye lilimpatia mume. Mwaka 1953 aliajiriwa katika kiwanda cha viatu, akashona soli kwa miaka minane, na tarehe 2 Januari 1962 akaanza kazi ya kupeleka barua, ambayo aliifanya kwa baiskeli, kwa miguu na kwa maneno mengi hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 1996.

Mwezi huohuo alioanza kazi ya posta, baridi kali ilipasua upinde wa lango la ngome, mawe yakaporomoka hadi njiani, na baraza la kijiji likaamua Lerchenfels izungushiwe seng'enge na wageni wazuiwe. Wengi waliona ni sawa, wengine walisema heri hata ilipuliwe kwa baruti tupate mawe ya zizi, ila Salome, ambaye mama yake alifia mle ndani, alisema mahali palipozificha familia nane hapawezi kufungiwa kama banda la kuku, akaketi jikoni akakiandikia chama cha watembea milima cha ng'ambo, upande wa Ujerumani, kilichokuwa na waashi wazuri, akiomba msaada kwa Kijerumani ambacho hakuwahi kufundishwa kukiandika. Aliandika kwamba Schloss letu limevunjika, tafadhali mtume fundi haraka. Sasa kwetu Eschenthal ngome ni Schloss, na kitasa cha mlango pia ni Schloss, wala hatujawahi kuchanganyikiwa, lakini ng'ambo gofu la ngome huitwa Burg, na wao wakisikia Schloss limevunjika wanatafuta mafuta na bisibisi. Jumamosi, tarehe 7 Aprili 1962, akafika kwa pikipiki fundi vitasa mmoja aitwaye Ewald Schehl, wa kijiji cha Rohrwiesen, umri miaka ishirini na sita, ana kisanduku cha vifaa begani, akaomba aoneshwe kitasa kibovu.

Salome hakumweleza kitu, alimwambia tu "nifuate," akampandisha mlima dakika arobaini, na kijana alipofika juu akautazama ule upinde ulioanguka, akaweka kisanduku chini, akafuta jasho, akasema, "Dada, kwa kitasa hiki nitahitaji ufunguo mkubwa kidogo." Jumamosi iliyofuata alirudi na waashi wawili, na Jumamosi nyingine tena, na waashi walipomaliza kazi yao yeye hakumaliza.

Baraza lililegeza uamuzi kwa sharti moja, ambalo naomba mlishike kwa sababu tutalirudia, kwamba ngome ibaki wazi ila chumba cha mwambani na ngazi ya mnara viwe na mlango, na ufunguo uwe kwa mtu mmoja anayejulikana, mkazi wa kijiji hiki, atakayefungua na kufunga kwa jina lake, na siku mtu huyo atakapokosekana mahali pale pafungwe. Ewald alitengeneza mlango wa mwaloni, kitasa cha chuma, na ufunguo mrefu kama mkono wa mtoto, na jina lililoandikwa barazani lilikuwa la Salome, akiwa na miaka ishirini na nne. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni, na kwa miaka sitini na miwili mgeni yeyote aliyetaka kuiona Lerchenfels alilazimika kwanza kubisha hodi kwa Salome, na aliyebisha wakati wa chakula alikula kwanza.

Kuoana hakukuwa rahisi, kwa kuwa mzee Georg, aliyempoteza Karl ndani ya sare ya Kijerumani, hakutaka Mjerumani mezani kwake, mwaka mzima hakumtukana kijana wala hakumsalimia, mpaka Jumamosi moja ya Septemba 1963 alipopanda mlima bila kuitwa, akasimama nyuma ya Ewald aliyekuwa akiziba nyufa za lango, akamnyang'anya mwiko na kusema, "Chokaa yako ni maji tupu, kijana, hivyo ndivyo mnavyojenga kwenu?" Walifanya kazi pamoja hadi jioni, na tarehe 16 Mei 1964 ndoa ikafungwa katika kanisa hili tulimokaa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Liliane, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1966, na Rémy, aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1969, pamoja na wajukuu watano, mbali na mdogo wake huyu, ambaye alikuwa ameshamlea tangu akiwa na miaka saba.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kuanzia Pasaka hadi mwisho wa Oktoba, Salome na Ewald waliongoza watu kuzizuru ngome nne kwa siku moja, mbili za upande wetu na mbili za ng'ambo, wakipita katikati ya mawe ya mpaka, wakila mkate na jibini nyeupe ya vitunguu juu ya mwamba bapa unaoonesha misitu ya nchi mbili bila kuonesha inapoishia moja. Hakuwasimulia wageni habari za mizimu wala binti wa mfalme, aliwashika mikono akawaingiza vidole katika matundu mawili yaliyo kwenye kila jiwe kubwa, matundu ya koleo la kuinulia, akawaambia kwamba mtu aliyelitoboa hakuandikwa jina popote, na miaka mia nane baadaye vidole vyako vimeingia alipoweka vyake. Nimeelezwa kwamba wanaume wazima walikuwa wakivua kofia hapo.

Mwaka 1971 afisa forodha mgeni alimsimamisha kwenye jiwe la mpaka akiwa na mfuko wa chokaa mgongoni, akamuuliza, "Mama, unga huu ni wa nini?" naye akamjibu, "Ni wa keki, onja kama una meno ya akiba," na afisa huyo, aliyestaafu zamani, yuko hapa leo, safu ya nne, akiwa na meno yake yote.

Hakuwahi kumlazimisha mtu, na hapa msomaji anakiri, kwa kuwa yameandikwa, kwamba yeye Emil, anayekaa nyumba ya jirani, hakuwahi kukanyaga Lerchenfels tangu siku aliposhushwa ndani ya koti, alisema hana la kutafuta mahali alipomuulia mama yake, na dada yake alimjibu mara moja tu, mwaka 1965, "Hukumuua, Emil, ulimwacha aone uso wako siku mbili," kisha hakuligusa tena jambo hilo, isipokuwa kwa utani kila Krismasi kwamba ngome nzima imemzaa na hata kuisalimia hataki.

Ewald alifariki tarehe 18 Agosti 2009, na Salome aliendelea kupanda mlima peke yake hadi nyonga ilipomkatalia mwaka 2019, na kuanzia 2022 moyo wake ukaanza kuchoka. Februari mwaka huu baraza lilimkumbusha lile sharti, kwamba mwenye ufunguo hawezi tena kupanda, na lisipopata jina jipya la mkazi wa kijiji kufikia mwisho wa Oktoba, mlango utazibwa na seng'enge itawekwa. Liliane anaishi Strasbourg, Rémy anaishi Karlsruhe, na Salome aliandika barua kumi na nne, za Kifaransa na za Kijerumani, safari hii akiweka maneno yote mawili, Schloss na Burg, asije akaletewa fundi mwingine wa kumuoa, na majibu yalikuja mazuri, ya pole na ya sifa, bila jina hata moja. Jambo hilo lilimuuma kuliko moyo.

Alilazwa hospitali ya Wissembourg tarehe 19 Septemba 2024, na Jumapili ya tarehe 29 alimpa mdogo wake ufunguo uliokuwa chini ya mto, akamwambia, "Umeanza kutu, upake mafuta tu, Emil, sikuombi zaidi ya hapo." Alifariki Alhamisi tarehe 3 Oktoba, saa nne asubuhi, watoto wake wawili wakiwa wamemshika mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumvumilia alipowafundisha ngome za karne ya kumi na tatu, majirani wa barabara ya juu waliompikia, wafanyakazi wenzake wa posta, na chama cha watembea milima cha ng'ambo, kilichotuma leo watu thelathini na moja na fundi vitasa mmoja.

Linalofuata hakuliandika yeye, naliongeza mimi. Ufunguo ulipakwa mafuta, na jana asubuhi mdogo wake alikwenda kwa meya akaandika jina lake, kwa hiyo kuanzia leo wageni wabishe hodi nyumba ya jirani, chakula hakitakuwa kizuri kama cha Salome. Tukishamzika, atakayeweza apande nasi, twende polepole, goti langu la kushoto ni bovu na njia siijui.

Pumzika kwa amani, dada. Ulinishusha wewe, sasa napanda, na mlango nitaufungua mimi.