Mlango wa Darini wa Kengele Tatu

Bi Thirza Luscombe alizaliwa tarehe 9 Mei 1938, katika chumba cha juu cha baa ya Kengele Tatu, kijijini Stoke Merrow, Devon. Bibi yake ndiye aliyemwambia kwamba sakafu ya chumba hicho ina mlango. Ngazi imejikunja mno, kwa hiyo maiti wa zamani walishushwa kwa kamba hadi ukumbini. Mbao na chokaa vilikuwa vimeshaufunika mlango huo.

Alisoma shule ya kijiji, 1943 hadi 1953. Siku moja alichora nyumba yao, akaweka mlango darini.

"Nani atapita huko, Thirza? Popo?" mwalimu akamuuliza.

"Mimi, mwalimu."

Alisimamishwa kwenye kona mpaka saa ya chakula.

Alianza kuuza bia akiwa na miaka kumi na minane. Mwaka 1961 aliolewa na Wilfred, fundi magari, aliyekuwa akijigonga kichwa kwenye boriti ile ile kila Jumamosi. Kila alipomwomba atoboe dari, alimjibu, "Mke wangu, wateja watakunywa chokaa!" Wilfred alitangulia mbele ya haki mwaka 2004.

Mwaka 2018 kampuni yenye jengo ilitangaza kulibomoa. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mkaguzi wa majengo aliona matofali ya mbele tu, akasema nyumba haina hata miaka mia mbili, hivyo hailindwi kama jengo la kale. "Baba, umekagua koti," Bi Thirza alimwambia. "Mwili hujauona." Aliomba ruhusa ya kufungua dari. Kampuni ikamjibu: ukitoboa, unahama.

Novemba moyo ulianza kumsumbua. Alikataa katakata kwenda hospitali, akausia atoke chumbani mwake akiwa ndani ya jeneza. Familia ilidhani ni ukaidi wa uzee. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Februari 2019.

Jumanne jeneza lilikwama kwenye ngazi mara tatu.

"Tumsimamishe?" aliuliza mpwa wake Desmond, anayewasomea wasifu huu.

"Mama wa watu si kabati!" akafoka mzika maiti.

Ndipo binti wa marehemu, Rosalind, alipokunja zulia la chumbani na kuitisha msumeno. Jamani, ulikuwepo! Mlango wa mwaloni, pete za chuma, na mwaka umechongwa: 1583. Mkaguzi aliitwa, akaja mbio, akapapasa tarakimu zile kwa kidole. "Hapa habomoi mtu," akasema, na jana barua ya kuzuia ubomoaji ilifika.

Leo asubuhi wanaume sita walishika kamba. Bi Thirza alishuka taratibu katikati ya ukumbi uliojaa watu. Mzee Gilbert Yeo, aliyekaa naye dawati moja, alivua kofia, akapaza sauti huku machozi yakimtoka: "Mwalimu, huyo anapita!"

Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, mpwa mmoja, na Kengele Tatu ikiwa imesimama. Alale kwa amani, mbishi wetu. Ubishi umekwisha, na ameshinda.