Lakiri kwenye Mlango wa Kinu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Touria Lamhouar, mkaguzi wa mazingira, aliyefariki Jumanne kwa maradhi ya moyo. Mnisamehe sauti yangu ikipanda. Nimejaribu kutulia, nimeshindwa.

Touria alizaliwa Ain Zerka, huku kwetu milimani. Kijiji kina chemchemi moja na kinu kimoja cha kukamua zeituni. Narudia: chemchemi moja, kinu kimoja. Zeituni zikikamuliwa, mafuta yanakwenda kwenye mitungi na maji meusi yanateremka bondeni, iliko chemchemi. Sheria inataka yachimbiwe bwawa la saruji. Bwawa liko wapi? Liko kwenye sheria.

Kazi ya Touria ilikuwa kupima maji hayo. Lakini wakubwa wake waliagiza mwenye kinu apewe taarifa kwanza. Taarifa! Mwizi unamtumia salamu kwamba unakuja kumkamata? Basi kila akifika, mashine zimezimwa na kuskusi imepakuliwa, nyama ya kondoo juu, maziwa mgando pembeni. Kwetu mgeni hakatai chakula. Wakaguzi waliomtangulia walikula, wakashukuru, wakaenda zao.

Mwenye kinu, Haji Bouchta, alimwambia, "Kaa ule kwanza, binti yangu. Maji hayakimbii."

"Ya kwako yanakimbia, Haji. Ndiyo yaliyonileta."

Mwaka jana akaenda bila taarifa, msimu umepamba moto. Akachota, akapima, akafunga mlango na kuupiga lakiri ya serikali. Wakubwa walimkaripia, ila vipimo vilikuwa wazi, wakanywea. Kinu kilifungwa. Narudia: kilifungwa!

Nani aliivunja lakiri? Si Haji. Ni wanakijiji wenyewe, kwa sababu zeituni zao zilikuwa zinaoza kwenye magunia. Na aliyeshika nyundo ni Allal, ndugu yake Touria wa tumbo moja.

"Nilimwambia, we Touria, tutakula lakiri?" Allal aliniambia juzi. "Akasema, 'Na mtakunywa nini?' Nikamcheka mbele za watu."

Touria akarudi ofisini kuulizia bwawa. Wakamwambia asubiri msimu uishe. Msimu ukaisha. Wakamwambia, sasa kinu kimelala, haraka ya nini? Jamani! Mtu mzima anajibiwa hivyo, naye kesho anarudi tena. Touria alirudi.

Jumatano, msimu mpya umeshaanza, alirejeshwa Ain Zerka kuzikwa. Wanawake wakaenda chemchemini kuchota maji ya kumwosha. Yakatoka meusi, yananuka. Mama yake, Bi Rahma, akainama juu ya ndoo, akaimwaga yote.

"Mwanangu simwoshi kwa haya," akasema. "Allal, nenda kanunue maji."

Allal akaenda mjini, maiti ikimsubiri. Akarudi na chupa za dukani. Touria ameoshwa kwa maji ya kununua, wasikilizaji, kwenye kijiji chenye chemchemi.

Tunampa pole Bi Rahma. Tunampa pole Allal pia, ingawa ulimi wangu ni mzito. Mungu amrehemu Touria.

Tulipokuwa tunamwombea kaburini, kinu kilikuwa kinanguruma. Dua ilipokwisha, baadhi ya waliobeba jeneza walikwenda moja kwa moja kushika nafasi zao kwenye foleni. Wewe uliyeko kwenye foleni hiyo sasa hivi, na redio yako juu ya gunia, nakuomba uizime. Ingia ndani, umuulize Haji bwawa liko wapi.