Bi. Bernadine na Picha Iliyobanduka Selotepu

Miaka thelathini na mmoja, na siku nne tu za kuugua! Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2019, Bi. Bernadine Kaczmarek, askari wa mahakama yetu ya Kaunti ya Marlowe, Ohio, anastaafu.

Alianzia mlango wa mbele mwaka 1988, kisha akakabidhiwa baraza la mahakama, wale raia kumi na wawili wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Aliwapelekea chakula na kuwanyang'anya magazeti. Kabatini aliweka makoti manne na tai, ili mshtakiwa asisimame mbele yao na nguo za mahabusu. Wakili mmoja alimtania kwamba amefungua duka la mitumba. "Karibu nikuvalishe na wewe," akamjibu, "hiyo tai yako ni aibu tupu!"

Sasa niungame. Februari 2003, Wendell Tibbs alishtakiwa kuiba mashine katika duka la vifaa. Mwenye duka alimtambua kwa picha ya polisi, na chini ya picha hiyo palikuwa na namba na tarehe ya kukamatwa kwake zamani. Jaji aliamuru pafunikwe. Mimi, karani, nikabandika selotepu na karatasi, nikaitia picha ndani ya bahasha, nikaiacha juu ya hita ya kupashia chumba joto, nikaenda kula. Loo!

Baraza lilipojifungia kujadili na kutaka vielelezo vya kesi, Bi. Bernadine aliikagua bahasha mlangoni. Selotepu ilikuwa imebanduka kwa joto, namba iko wazi. Akagoma kuingia.

"Bernadine, wanasubiri! Ni picha tu," mwendesha mashtaka akafoka.

"Wakiona namba hii, watasema mwizi ni mwizi tu. Ya duka hawatayajadili tena."

Jaji akakata ile sehemu ya chini ya picha kwa mkasi mbele ya mawakili wote. Baraza likakaa kwa muda wa saa tano likichambua kadi ya kazini ya Wendell, ile ya kuandikia saa za kuingia na kutoka, likaona kuwa saa ya wizi alikuwa zamu. Hana hatia! Mwezi uliofuata mwizi halisi akanaswa na mashine zenyewe. Bibi mmoja wa baraza, alipoambiwa habari ya namba ile, alishika mdomo: "Mungu wangu, tungemfunga kabla kahawa haijapoa."

Pierogi za sherehe ya kumuaga Ijumaa, vile vitumbua vya Kipolandi vya kujazwa viazi, atazikaanga Wendell mwenyewe. Mpaka leo wapo wanaomuuliza Bi. Bernadine yule bwana alifanya nini zamani. Jibu lake ni lile lile: "Hapa hakushtakiwa kwa hilo."

Asante sana, Bi. Bernadine. Kapumzike kwa raha na afya tele. Vielelezo siviweki tena kwenye hita.