Mtu Mmoja wa Mtaa Huu Amepata Kazi Majini

Benchi la Ibifuro, mchoma ndizi, lilitosha watu watatu, na watatu hao walikuwa wamelijaza tangu asubuhi, hapo mtaa wa Diobu, Port Harcourt, Nigeria, kwenye kona ambayo marehemu mama yake aliipigania kwa maneno na mara moja kwa mwiko. Stendibai alikuwa ndani ya ovaroli la rangi ya chungwa na kofia ngumu, kama kila siku kwa miaka minne, ili simu ya kampuni ikiingia isimkute anatafuta suruali. Vyeti alikumbatia faili lake la plastiki. Baba Orodha, mkubwa wao kwa umri, hakuwa na ovaroli wala cheti. Yeye alijua watu. Wote watatu walikuwa wakitafuta kazi kwenye mitambo ya mafuta huko baharini, na waliitafuta hapo hapo, wameketi, wakila bole, yaani ndizi za kuchoma na samaki wa pilipili. Ibifuro aligeuza ndizi huku akiitupia macho barabara, maana leo alikuwa na neno la kuwaambia, na saa sita ilikuwa inakaribia.

— Mmesikia? alisema Stendibai. Kuna mtu kachukuliwa kazi majini. Wa mtaa huu huu!

— Nani huyo? akauliza Vyeti.

— Jina sijui. Ila anapanda helikopta leo.

Koleo lilimponyoka Ibifuro. Hakuna aliyeona.

— Basi huyo ana vyeti, alisema Vyeti, akipigapiga faili. Mimi ninavyo kumi na kimoja. Cha kuzima moto ninacho, cha kufunga kamba ninacho, cha kunyanyua mizigo mizito ninacho.

— Na umenyanyua nini tangu Krismasi?

— Stendibai, usinianze.

— Vyeti ni makaratasi tu, alisema Baba Orodha. Majina yote yanapita kwa chifu. Na orodha ya chifu hailali chumbani kwake, inalala kwa mke wa tatu. Mpelekee mke wa tatu mbuzi, umemaliza.

— Si ulipeleka mbuzi mwaka juzi, mzee?

— Nilipeleka kwa mke wa pili. Nilipewa habari za zamani.

— Mnahangaika bure, alisema Stendibai. Siri ni mabega. Helikopta ikianguka majini mnatokea dirishani, kwa hiyo wanapima mabega. Mwenye mabega mapana anarudishwa nyumbani. Ndiyo maana mimi miaka minne nalala ubavu, yasitanuke.

— Kaka, kwako wewe kitakachokwama dirishani si bega, alisema Vyeti, akimtazama tumbo.

Ibifuro aliuma mdomo asicheke. Mwezi uliopita, baada ya kuaga kwamba anakwenda msibani Buguma, alifungwa mkanda kwenye kiti cha mafunzo ya helikopta, kiti kikazamishwa bwawani na kupinduliwa kichwa chini, naye akatokea dirishani akitema maji na kumwita mama yake. Bega lake hakuna aliyeligusa.

— Nyie watoto, alisema Baba Orodha, akishusha sauti. Mafuta yako wapi? Chini ya bahari. Na chini ya bahari ni kwa nani?

— Kwa serikali?

— Kwa Mami Wata, malkia wa bahari! Wazungu hawatoboi hata tundu la sindano mpaka yeye atie saini. Na kila mwaka anachagua mfanyakazi mmoja kwa sura. Huyo wa mtaa huu ni mzuri wa sura, nawaambia.

Wakakaguana nyuso, mmoja baada ya mwingine. Hawakumpata.

— Mimi wanipe chochote, alisema Stendibai, na safari hii hakuwa anatania. Kusugua vyoo. Kumenya viazi. Nimechoka kuvaa nguo za kazi bila kazi.

Ibifuro alimwonea huruma kweli. Akafungua mdomo aseme, hofu ikaufumba. Kwa siku ishirini na nane angekuwa mpishi wa watu tisini huko majini, na jiko likipoa siku zote hizo, Mama Tonye wa ng'ambo ya barabara angehamishia lake hapo siku ya tatu. Kazi ameipata, kona ya mama yake ingekwenda. Wiki mbili nzima alikuwa ametafuta mtu wa kumwachia koleo, na watu wasio na shughuli aliowajua ni hawa.

Gari jeupe likasimama kando ya barabara. Wanaume wote watatu wakainuka; Stendibai akakaza mkanda wa kofia chini ya kidevu. Dereva akashuka na karatasi mkononi.

— Ibifuro Dokubo?

— Ni mimi, alisema, akivuta begi lake kutoka chini ya meza.

Benchi likapigwa na butwaa.

— Dada... wewe? alisema Vyeti. Nani kakupitisha?

— Niliandika barua. Walitaka mpishi. Wakaniambia nipike, nikapika, wakala.

Baba Orodha alimkazia macho usoni, akihakikisha mambo ya Mami Wata.

Dereva alinusa moshi, akatazama ndizi, kisha akalitazama benchi.

— Sasa madam akiondoka, nani anabaki na moto?

Ndizi zikaanza kuungua.

— Mimi mgongo, alisema Baba Orodha hatimaye.

— Cha chakula sina cheti, alisema Vyeti.

Stendibai alikuwa ameshika simu mfukoni.

— Dada Ibifuro, unajua hali yangu. Wanaweza kupiga leo. Wakipiga wakanikuta nageuza ndizi?

— Wakitaka kukupigia, alisema Ibifuro, akivua aproni, mimi nitakuwa nao huko huko. Nitawaambia uko kazini.

Akamvalisha aproni juu ya ovaroli, akamtia koleo mkononi, akakimbilia garini kabla machozi hayajamuumbua. Stendibai aliiacha simu mfukoni. Kisha akainama, akageuza ndizi ya kwanza. Upande wa chini ulikuwa mweusi tii.

Ibifuro akashusha kioo cha gari.

— Hiyo usimpe mteja! Kula mwenyewe.

— Na hii nyingine?

— Igeuze sasa hivi, Dagogo!

Hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake, na pale kijiweni hakuna aliyekuwa amemwita hivyo kwa miaka minne. Akaigeuza.