Mtani Aliyelilia Jicho Kabla Halijafa

Bwana Mikidadi Pazi, mpiga picha za macho wa kliniki yetu hapa Morogoro, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja. Ofisi ilitaka habari zake ziandikwe na mtu wa utawala. Nikasema hapana, ataandika Jastin Kobelo, dereva, maana mimi ndiye niliyemzungusha Uluguru yote. Wakasema elimu yangu ni darasa la nne. Nikawajibu kwamba hao wenye digrii hakuna hata mmoja aliyewahi kumfikisha Kinole mwezi wa nne, mvua inanyesha. Wakanipa kalamu, na hii ndiyo mnayoisoma.

Mikidadi ni Mzaramo wa Maneromango na mimi ni Mluguru. Wageni niwaambie tu kwamba sisi ni watani: naruhusiwa kumsema hata kwenye sherehe yake, naye haruhusiwi kununa. Kwa hiyo nikiandika kwamba alikuja hapa mwembamba kama mpini wa jembe, na leo anaondoka na kitambi alichokijaza kwa ndizi za Waluguru, msidhani kuna ugomvi.

Alianza kama msaidizi wa chumba cha miwani. Ilipokuja kamera ya kupiga picha nyuma ya jicho, akapelekwa kusomea, akarudi na cheti na maringo. Kamera yenyewe niliileta mimi kutoka Dar, nikiendesha taratibu hadi madereva wa mabasi wakanitukania wazazi. Ilifika haina hata mkwaruzo.

Kazi yake iko hivi. Mgonjwa anatiwa matone ya kufungua mboni, anaweka kidevu kwenye kibao, anaambiwa atazame taa ya kijani asipepese. Inatoka picha ya duara, nyekundu kama nyanya iliyoiva, na ndani yake mishipa ya damu inaonekana yote, mikubwa kwa midogo. Mtu mwenye sukari au presha, mishipa hiyo huanza kuharibika yeye mwenyewe bado anaona vizuri kabisa. Ndiyo maana Daktari Nasra, mkuu wetu, alianzisha utafiti wa kuwapiga picha watu wenye sukari wa Mlali, Dakawa na Kinole kila mwaka, picha ya mwaka huu ilinganishwe na ya mwaka jana, ijulikane mishipa inabadilikaje. Picha karibu zote za utafiti huo ni za mkono wa Mikidadi. Wataalamu wakija huzisifia kwamba hazina ukungu. Wanamsifu yeye. Kwamba kamera haikurushwarushwa njiani, hilo hawalisemi, nalisema mimi.

Safari ya kwanza Kinole ilitangazwa kanisani na msikitini kwamba watu watapigwa picha za macho bure. Watu wakaja wamevaa za sikukuu. Kina mama wamesuka, wazee wamepiga makoti na kanzu, na mmoja alikuja na mbuzi wake ili watokee pamoja. Mikidadi hakumcheka mtu. Alipiga kwanza zile za nyuma ya jicho, kisha akatoa simu yake akawapiga na za sura, mbuzi naye akatokea. Safari iliyofuata aliwapelekea zimesafishwa. Tangu hapo Kinole hakuna aliyeikimbia kamera.

Aliyekimbia matibabu yuko mmoja, na habari zake ndizo zilizonifanya nigombee kuandika. Ni Dominiko Mloka, mkulima wa pilipili manga, Mluguru mwenzangu, kichwa kigumu kuliko mimi. Picha zake za mwaka wa kwanza zilikuwa na vidoa vya damu, vidogo kama punje za hiyo hiyo pilipili yake. Mwaka uliofuata mishipa ilikuwa imevimba. Mwaka wa tatu jicho la kulia likavujia damu ndani na kuzimika, na kwenye la kushoto ikaonekana mishipa mipya, myembamba kama mizizi ya mche, ile inayoota mahali isipotakiwa na kupasuka wakati wowote. Daktari Nasra akasema huyu apigwe leza upesi, ule mwanga wa kuichoma mishipa hiyo, la sivyo atabaki gizani moja kwa moja.

Dominiko akakataa. Alisema la kulia limeshakufa, basi, na hili la kushoto linaona pilipili zinazotambaa mtini hadi kileleni, sasa mnataka kulichoma moto kwa kosa gani. Daktari alimbembeleza. Mkewe, mama Veronika, alimbembeleza. Padri alipanda kumbembeleza. Mimi nilimfokea, na mimi nikifoka watu husikia. Hakusikia.

Basi asubuhi moja Mikidadi akaniambia niwashe gari twende Kinole, kamera ibaki. Nikamuuliza tunakwenda kufanya nini bila kamera. Akasema anakwenda msibani.

Tulipofika kwa Dominiko, Mikidadi alivua koti la kazi, akajifunga kanga ya mama Veronika kiunoni, akafumba jicho la kulia, la kushoto akaliziba kwa kiganja, na kuanza kulia kwa sauti. Analia na kutembea huku anajigonga kwenye nguzo, anapapasa ukuta, anakalia kinu akidhani kiti. Majirani wakatoka. Wanaojua mambo yetu walielewa palepale: mtani ndiye mwenye haki ya kumwigiza marehemu msibani, na marehemu wa siku hiyo lilikuwa jicho la kushoto la Dominiko. Akawa anauliza wafiwa lilikuwa na umri gani, limeacha watoto wangapi. Mama Veronika alicheka hadi akakaa chini. Dominiko naye akacheka, tena akamwambia Mzaramo hajui kulia, apunguze ngoma.

Kisha Mikidadi akaanza kukusanya mali, kama mtani anavyoruhusiwa msibani. Akachukua kioo cha kunyolea. Akachukua tochi. Dominiko anacheka tu. Mwisho akaenda nyuma ya nyumba akatoka na ngazi ya kuchumia pilipili, akanipa ncha moja niishike. Hapo kicheko kikakatika.

"Mtani, ngazi hiyo naitumia," Dominiko akasema.

"Kipofu hapandi ngazi," Mikidadi akamjibu. "Ukiitaka ikomboe. Na haikombolewi kwa hela wala kuku. Inakombolewa kwa jicho."

Tuliifunga juu ya gari tukashuka nayo mjini. Nawaambia, kuteremsha ngazi ya miti kwenye kona zile bila kugonga tawi hata moja si kazi ya dereva yeyote. Daktari Nasra alipoiona alishtuka. Alisema mgonjwa akienda kulalamika, kliniki itaonekana inanyang'anya watu mali. Mikidadi alikubali kwamba lawama ni yake. Nami nilimwona kila gari la Kinole likiingia anachungulia dirishani. Kama yule mzee angechonga ngazi nyingine, jicho lilikuwa limekwenda.

Hakuchonga. Msimu wa kuchuma ulipokaribia, Dominiko aliingia getini hajasalimia mtu, akaniuliza iko wapi. Nikamwonyesha mlango wa chumba cha picha. Akatiwa matone, akapigwa picha, na daktari akaanza leza siku ileile. Alipomaliza mara ya kwanza akadai ngazi yake. Mikidadi akamwambia amekomboa vidato vya chini tu, arudi kwa vilivyobaki. Dominiko akamtukania Uzaramo wote, akarudi. Mara ya mwisho aliondoka na ngazi begani, tochi na kioo mfukoni.

La kulia halikurudi, nisiwadanganye. La kushoto linaona mpaka leo. Kwenye picha za mwaka jana ile mishipa mipya imenyauka, na Daktari Nasra alituita wote tukaiangalie, hata mimi.

Mwezi uliopita Dominiko aliteremka mwenyewe, amekumbatia jogoo. Nyuma yake alikuwa mama Mosi wa palepale Kinole, mwenye sukari, mtani wake wa ukoo mwingine, anakuja huku anamtukana njia nzima. Dominiko akaniambia pale getini, "Huyu jogoo nimempata kwa kulilia jicho la mwenyewe. Mwambie Mzaramo aweke kamera sawa." Mama Mosi alipigwa picha, mishipa yake ikakutwa bado mizima, akarudishiwa jogoo wake na tarehe ya kurudi mwakani.

Kwa hiyo, Mikidadi, nenda bila wasiwasi. Kamera umemwachia Janeth uliyemfundisha, naye mkono wake umetulia. Kulia umewaachia Waluguru, na tunalia vizuri kuliko wewe. Kliniki nzima inakushukuru kwa macho uliyoyawahi, na kwa yale uliyoyachelewa ukayasikitikia. Tunakutakia mapumziko marefu Maneromango, korosho za kutosha na wajukuu wa kukusumbua. Ila sukari upime na macho upige picha kila mwaka. Nikisikia umekataa, njia ya Kisarawe hadi Maneromango naijua na gari ninalo. Nitakuja kukulilia, na nitaondoka na redio yako.